Katapila Lililolala Ofisi ya Kijiji

Tukuswiga Msongole aliingia kwenye kamati ya maliasili ya kijiji kwa sababu alikwenda kuulizia bomba.

Bomba la karibu na kanisa lilikuwa limekauka, na siku hiyo kulikuwa na mkutano mkuu wa kijiji. Alikaa mbele ili asisahauliwe. Afisa misitu kutoka Itumba, dada mrefu mwenye sauti ya taratibu aitwaye Rozi, alikuwa akieleza kwamba kijiji chenye msitu wake wa hifadhi lazima kiwe na kamati, na kamati lazima iwe na wanawake. Kamati yetu ilikuwa na wanaume watupu, na baadhi yao walikuwa wameshafariki. Rozi akauliza nani yuko tayari. Tukuswiga akanyoosha mkono ili aulize habari ya bomba. Watu wakapiga makofi.

"Mimi nilitaka kuuliza maji," alisema.

"Maji yanatoka msituni, mama," Rozi akamjibu. "Umefika mahali penyewe."

Basi akachaguliwa. Bomba lilikuja kutengenezwa baadaye, na tatizo lilikuwa kiungio kilichopasuka chini ya njia ya kanisa, wala si msitu. Lakini wakati huo alikuwa ameshaapishwa.

Mumewe, Ezron, hakuwepo mkutanoni. Alikuwa amepeleka viazi Isongole. Aliporudi akaambiwa mke wake amekuwa mjumbe, akasema ni jambo jema, kwa maana kamati ile haikuwahi kumsumbua mtu yeyote.

Sisi tunakaa juu kabisa katika kata ya Ibaba, huku ambako ukungu ukishuka asubuhi ng'ombe unamsikia kabla hujamwona. Tunalima viazi, mahindi, maharage na pareto. Juu ya kijiji, mgongoni mwa mlima, upo msitu wa Ipanda: mianzi kwa chini, miti mikubwa kwa juu, na katikati chemchemi inayotunywesha wote. Msitu ulikuwa na sheria zake ndogo. Hakuna kulima ndani yake, hakuna kuchoma moto, kuni ni kavu tu na kwa siku zilizopangwa, na mita sitini kuzunguka chanzo cha maji hapaguswi. Sheria hizo zilipitishwa na mkutano, zikaenda wilayani, zikarudi na muhuri, zikabandikwa kwenye ubao wa nje wa ofisi ya kijiji, na mvua ikazisoma.

Hakuna mtu kijijini aliyewahi kukata msitu. Ukimuuliza yeyote atakuambia hivyo. Watu walikuwa wananyoosha mipaka ya mashamba yao. Mwaka huu unanyoosha hatua chache, mwakani chache nyingine, na baada ya miaka mtu akisimama mlangoni kwake anaona msitu umesogea kama umeitwa na mtu wa upande wa pili.

Tukuswiga aliolewa hapa akitokea kijiji cha bondeni, akiwa binti mwembamba asiyependa maneno mengi. Jina lake kwa lugha ya kwetu ni kama kusema tunashangaa, lakini yeye mwenyewe sikuwahi kumwona ameshangaa. Wakati anaolewa, maji ya chemchemi yalikuwa yanafika hadi nyuma ya jiko la mama mkwe wake. Alipoingia kwenye kamati alikuwa anayafuata mbali, juu, na kurudi na ndoo kichwani kwenye mteremko unaoteleza. Aliulizwa siku moja kama anapenda sana miti. Akasema miti haimdai na yeye haidai. Yanayomuuma ni magoti.

Mtoto wake wa kwanza, Gloria, alizaliwa ndani ya msitu huohuo. Uchungu ulimshika kabla ya wakati, wanaume wakambeba kwa machela kwenda zahanati, na njia ya miguu inapita Ipanda. Walipofika penye mkuyu mkubwa ikabidi wamtue. Wanaume wakaenda kusimama kando wakitazama upande mwingine, na wanawake waliofuatana naye wakafanya kazi. Gloria sasa ni mtu mzima, anauza viazi Tunduma, karibu na mpaka. Mtoto wa pili naye alikuja kwa shida njiani, na huyo hakuishi. Tukuswiga hakupenda kulizungumza hilo, ila kila mtu alilijua, nami nalitaja kwa sababu lina uzito katika yaliyofuata.

Siku ya jembe ilikuwa ya kawaida tu. Tukuswiga alikwenda doria na wajumbe wenzake wawili, wakapanda hadi karibu na chemchemi, wakakuta mianzi imefyekwa upya. Ukanda mzima ulikuwa wazi, udongo mweusi umegeuzwa vizuri, matuta yamenyooka. Kazi ya mtu hodari. Kwenye kisiki kulikuwa na jembe limeegemezwa. Mpini wake ulikuwa umefungwa kwa utepe wa mpira wa baiskeli, na aliyeufunga ni Tukuswiga mwenyewe.

Wajumbe wenzake waliliangalia jembe, kisha wakaangalia mawingu.

"Labda tumeona vibaya," mmoja wao akasema.

"Tumeona vizuri," alisema Tukuswiga. Akalichukua jembe, akashuka nalo hadi ofisi ya kijiji, akamkabidhi mtendaji. Mtendaji wetu alikuwa kijana kutoka Vwawa, Brayan, aliyekuwa bado anajifunza majina ya watu. Halafu Tukuswiga akaenda nyumbani kupika.

Ezron alirudi jioni amekasirika.

"Mke wangu, jembe langu limeibiwa."

"Halijaibiwa. Liko ofisini."

"Ofisi gani?"

"Ya kijiji. Kwa mtendaji."

"Limefikaje huko?"

"Nimelipeleka."

Ezron akanawa mikono polepole. "Ulilikuta wapi?"

"Ulipoliacha."

Akakaa. Tukuswiga akampakulia ugali na majani ya maboga, akamsogezea. "Kesho asubuhi unatakiwa mbele ya serikali ya kijiji," akasema. "Niliambiwa nikufikishie taarifa. Nimekufikishia. Kula, unapoa."

Ezron hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwimbaji wa besi kwaya ya kanisa, mlimaji anayeamka mapema, mtu wa kusalimia hata mbuzi. Shamba lao lilikuwa limechoka, viazi vinatoka vidogo, na udongo wa chini ya mianzi unajulikana kwa uzuri wake. Alifanya kile ambacho babake na majirani zake walifanya. Kilichobadilika ni mtu anayelala naye.

Shauri lilisikilizwa nje ya ofisi, maana watu walikuwa wengi. Nilikuwepo. Brayan alijitahidi kufuata taratibu zote.

"Shahidi ni nani?"

"Mimi," alisema Tukuswiga.

"Uhusiano wako na mtuhumiwa?"

"Ni mume wangu."

"Wa ndoa?"

"Ya kanisani. Mchungaji yule pale."

Mchungaji akakubali kwa kichwa. Brayan akamgeukia Ezron. "Na wewe mzee, unasemaje?"

"Nililima kwa ajili ya familia."

"Familia ipi?"

"Hiyo inayonishtaki."

Watu walicheka, na Ezron mwenyewe akacheka kidogo, lakini hakumtazama mke wake. Sheria ndogo zilimpa kuchagua: faini, au kazi ya msitu. Faini ingetoka kwenye sanduku lilelile ambamo Tukuswiga naye huweka pesa zake, kwa hiyo akachagua kazi. Akaagizwa kuvunja matuta ya ukanda ule, kupanda miche ya miti ya asili, na kusafisha njia ya kuzuia moto msimu wote wa kiangazi, chini ya usimamizi wa kamati. Kamati ikakutana kupanga nani amsimamie. Mmoja alikuwa na msiba, mwingine mguu, mwingine alisema Ezron ni shemeji yake na ana aibu. Akabaki Tukuswiga.

Kwa hiyo kwa kiangazi kizima walitoka nyumbani pamoja asubuhi, yeye mbele na panga la kamati, mumewe nyuma na miche. Walikuwa hawasemezani njiani. Mchana alimfungulia chakula alichombebea, wakala, kisha akamwonyesha alipokosea kupanda.

Mama mkwe, bibi Anastazia, anakaa nyumba ya jirani. Alikuja siku ya pili baada ya shauri, akaketi kwenye kigoda jikoni, akakataa chai.

"Mwanangu, huku kwetu mke hamshtaki mume."

"Mama, sikumshtaki. Nilimkuta."

"Ungepita kama hujaona."

"Nilikuwa na wenzangu, mama, nao wameona. Na hata ningekuwa peke yangu, mama, chemchemi ni ileile unayokunywa wewe."

Bibi Anastazia akaondoka. Kwa muda mrefu hakula chakula cha mkwe wake. Alipikiwa na mjukuu mwingine. Kanisani wanawake waliacha nafasi pande zote mbili za Tukuswiga kwenye benchi. Ezron aliacha kwaya, akisema koo linamsumbua. Jumapili moja hakwenda kanisani kabisa. Tukuswiga aliimba nyimbo zote peke yake, akarudi nyumbani akakuta mumewe amechemsha maharage na kuyaunguza. Akayaonja.

"Yameungua," alisema.

"Najua."

Wakayala. Aliniambia baadaye kwamba siku hiyo ndiyo aliyolia, akiwa anasugua sufuria, na kwamba hakujua kama analia kwa ajili ya maharage, mume au benchi.

Gloria alipiga simu kutoka Tunduma. "Mama, huku wananiuliza kama ni kweli umemfunga baba."

"Hajafungwa. Anapanda miti."

"Hata Wazambia wanajua. Wananiita mtoto wa bamayo, yaani mama, wa msitu."

"Wananunua viazi?"

"Wananunua."

"Basi wauzie."

Aliyeibadilisha hali hiyo ni bibi Anastazia mwenyewe, na si kwa sababu alisamehe. Alichoka mtoto wake kuwa mkosaji peke yake kijijini. Asubuhi moja alikuja jikoni, akakaa, akapokea chai, akasema, "Huyo jirani yetu wa juu, anayejifanya mzee wa kanisa, naye ananyoosha mpaka wake. Mbona humkuti?" Tukuswiga akaenda, akamkuta. Wiki iliyofuata bibi akamtajia mwingine. Ikawa hivyo. Stoo ya ofisi ikajaa majembe, panga na shoka moja zuri, na Brayan akalazimika kuhamishia kiti chake barazani. Ezron akarudi kwaya. Koo, alisema, lilikuwa limepona.

Halafu ikaja habari ya barabara.

Watu wa barabara walikuja na mhandisi, wakaeleza mkutanoni kwamba njia ya magari itapandishwa hadi kwetu, na kwamba hakuna pa kupita ila Ipanda. Walisema miti itakayokatwa itawekwa alama nyekundu, kibali cha kuikata kitaombwa, kijiji kitapewa nakala, na kazi itaanza baada ya hapo. Wakauliza nani anakubali. Mikono yote ilipanda. Wa Tukuswiga ulikuwa wa kwanza. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Mama msitu, hata wewe?" Yeye hakugeuka. Wanawake waliowahi kubebwa kwa machela walimwelewa.

Alama nyekundu zikapakwa. Mkuyu mkubwa nao ukapata yake. Tukuswiga aliupita akaiona, akaendelea na doria.

Nakala ya kibali haikufika. Brayan aliulizia, akaambiwa iko njiani. Asubuhi moja ya ukungu, kabla ya nakala, tukasikia muungurumo huko juu na miti ikilia inapoanguka. Tukuswiga alifunga kitenge vizuri, akawapitia wajumbe wenzake, wakapanda.

Lilikuwa katapila la njano, jipya, na lilikuwa limeshalaza miti kadhaa. Lakini halikuwa kwenye mstari wa barabara. Lilikuwa juu ya chemchemi, kwenye mianzi isiyo na alama yoyote, likifungua uwanja mkubwa. Udongo mwekundu ulianza kuteremka kuelekea kwenye maji. Dereva, kijana wa Kyela aitwaye Tuntufye, alikuwa amevaa makoti mawili na bado anatetemeka. Alimwona mama amesimama mbele, akazima injini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na baridi. Kibali kiko wapi?"

"Kiko kwa bosi."

"Bosi yuko wapi?"

"Ameenda Vwawa, kufuata dizeli."

"Na hapa mbona hakuna alama nyekundu?"

"Nimeambiwa kuna kifusi kizuri cha kumwaga barabarani. Mimi nachimba nilipoambiwa."

Tukuswiga akamweleza sheria ndogo ya kijiji, taratibu, kama anavyowaeleza wote. Kifaa kinachokutwa kikikata msituni bila kibali kinashikiliwa ofisi ya kijiji mpaka shauri lisikilizwe.

"Kifaa gani, mama?"

"Hicho ulichokalia."

Tuntufye akakitazama alichokalia. "Mama, hili haliwezi kubebwa."

"Ndiyo maana nakuomba uliendeshe mwenyewe."

Kijana akafikiri. Alikuwa hajala tangu jana, bosi wake hapatikani kwenye simu, na miguu hakuisikia tena. "Huko ofisini kuna chai?" akauliza.

"Chai iko kwangu. Ni njiani."

Katapila likashuka mlima kwa mwendo wa mazishi, Tukuswiga akitangulia kwa miguu kulionyesha njia ili lisikanyage pareto ya watu. Walimu wa shule walijaribu kuwazuia watoto madarasani, kisha walimu wenyewe wakatoka. Kwa Tukuswiga walisimama, Tuntufye akanywa vikombe vya kutosha na viazi vya kuchemsha, wakaendelea. Brayan alitoka barazani na kiti chake mkononi.

"Mama Gloria, hii ni nini?"

"Kifaa."

"Nitakiweka wapi?"

Likawekwa kwenye uwanja wa mbele, penye magoli ya netiboli. Jioni Brayan aliizunguka ofisi, akafunga mlango kwa kufuli kama kawaida, akatikisa kufuli kuhakikisha. Katapila lilikuwa nje. Tuntufye alilala kwa Ezron, akapewa blanketi la tatu.

Usiku ule Tukuswiga hakulala vizuri. Kumkamata mume ni jambo la nyumbani, lakini hili lilikuwa la serikali, au la kampuni ya serikali, hakuwa na hakika. Alimpigia Rozi simu mara kadhaa, haikupatikana. Alimuuliza Ezron kama anadhani watamfunga.

"Watakufunga wapi?" alisema Ezron. "Hakuna wa kukusimamia." Akageukia ukutani. Baadaye kidogo akasema, "Nitakuwepo kesho."

Kesho yake yalikuja magari, yakifuata nyayo za katapila. Msimamizi wa kampuni alishuka kutoka la kwanza kabla halijasimama, mikono juu.

"Nani amekamata mtambo wangu?"

Tuntufye akaonyesha kwa kidevu. "Huyu mama."

"Mama? Na askari wangapi?"

"Peke yake. Alinipa chai."

Msimamizi akaanza kusema juu ya hasara, juu ya mkataba, juu ya watu wa vijijini wasiotaka maendeleo. Ezron akamsogelea, akamgusa bega kwa upole. "Bosi, usijichoshe," alisema. "Mimi ni mume wake. Nililima kwa jembe la mkono na nikafikishwa hapahapa. Kaa, usikilizwe."

Sijui ni maneno au ni sauti ile ya besi, lakini msimamizi alikaa.

Rozi alifika pamoja na mhandisi wa barabara, aliyempitia Itumba. Alipanda kwanza msituni, akapima, akarudi na matope hadi magotini, akasimama mbele ya watu. Hakupendelea mtu. Kibali cha barabara, alisema, kilikuwa kimeshatolewa na kilikuwa halali. Nakala ya kijiji tu ndiyo haikuwa imefika, na ilipokwama haijulikani. Akatoa nakala nyingine kwenye begi lake, akamkabidhi Brayan. Kwa hiyo kwenye mstari wa alama nyekundu, kampuni ilikuwa na haki ya kukata tangu wiki iliyopita, na kijiji hakikuwa na haki ya kuizuia.

Msimamizi akakunja mikono kifuani.

Tukuswiga akasimama. "Kwa kuisimamisha barabara nimekosea," alisema. "Nakuombeni radhi, na wewe bosi, na wewe mwanangu Tuntufye." Akakaa.

"Ila kwenye kifusi," Rozi akaendelea, "hakuna kibali. Eneo lile halimo kwenye tathmini ya mazingira ya mradi, halimo kwenye makubaliano na kijiji, na liko ndani ya mita sitini za chanzo cha maji. Pale kazi imesimama kuanzia sasa."

Msimamizi alisema kifusi cha pale ni bora kuliko chote katika wilaya. Rozi alisema anaamini. Mhandisi akasema upande wa pili wa mlima kuna kilima kipara kisicho na kitu ila mawe na kinafaa, ni mbali kidogo tu kwa malori. Wakabishana hadi chai ikaja. Mwisho msimamizi alikubali kuhamia kilima kipara, kufukia shimo alilofungua, kujenga kingo za kuzuia udongo, na kupanda tena mianzi. Wakati wanaagana Rozi alimvuta Tukuswiga pembeni.

"Mama, siku nyingine nipigie kwanza. Kuna utaratibu wa kusimamisha mitambo. Ungeweza kushtakiwa."

"Nilikupigia. Hukupatikana."

"Mtandao."

"Ndiyo, mtandao."

Kazi ya barabara ikaanza upya wiki hiyohiyo. Tukuswiga alitakiwa awepo kama shahidi wa kijiji, kuthibitisha kwamba unaokatwa ni wenye alama tu. Alisimama na Rozi mti kwa mti. Walipofika kwenye mkuyu, Rozi, ambaye alikuwa ameshahadithiwa, akashusha tepu yake ya kupimia.

"Huu umo, mama."

"Nimeona alama."

"Unataka tukupe muda kidogo?"

"Wa nini?" alisema Tukuswiga. "Umo. Ukatwe."

Ulichukua muda mrefu kuanguka. Tuntufye alivua kofia, ingawa hakuna aliyemwambia. Tukuswiga aliangalia hadi mwisho, akaweka sahihi, akashuka shambani kwake akachimba viazi hadi giza, hata visivyokuwa vimekomaa. Ezron alimfuata akaviokota nyuma yake, akitenganisha vikubwa na vidogo, bila kuuliza.

Magogo yalileta mzozo wake. Kila mtu aligundua kwamba paa lake limechoka. Mkutano ukaamua mbao ziende kwenye madawati, na nyingi zilikwenda. Chache zilipotea, na baadaye zikaonekana kama mlango wa mtu ambaye sitamtaja, kwa kuwa ni jirani yangu.

Barabara ikafika. Mke wa Brayan alishikwa na uchungu mvua zikinyesha, akafikishwa Itumba kwa gari akajifungua salama kitandani, na Tukuswiga alifuatana naye akiwa amemshika mkono mwendo wote. Gloria anapanda kutoka Tunduma hadi mlangoni kwa mama yake na kupakia viazi hapohapo. Ezron anapata bei ambayo hakuwahi kuiota. Hayo yote ni kweli. Ni kweli pia kwamba Ipanda sasa ni vipande viwili, na nyani wanasimama pembeni ya barabara wakingoja malori yapite. Na malori hayaji kwa ajili ya viazi tu. Yapo yanayokuja kuulizia mkaa, na wanaouliza huulizia kwa sauti ndogo. Kamati ina kazi kuliko zamani. Chemchemi haijaongezeka wala haijapungua, na pale ulipokuwa ukanda wa Ezron miti imemfikia mtu kiunoni.

Mwaka huu muda wa kamati ulikwisha, ukaitishwa uchaguzi. Tukuswiga akachaguliwa tena, safari hii kuwa mwenyekiti, na safari hii hakuna aliyesingizia bomba. Nafasi ya mwisho ikabaki wazi. Ezron akasimama, akavua kofia, akasema anaomba. Alisema yeye anajua msitu unavyokatwa, kwa hiyo atajua pa kuangalia. Ilikuwa hotuba nzuri. Baadhi yetu tulishawishika.

Kura zilipigwa kwa mikono. Ezron aligeuka nyuma kuwahesabu wanaomuunga mkono, na macho yake yakapita mstari wa mbele. Mikono ya mke wake ilikuwa imetulia kwenye mapaja. Alishindwa na mama mmoja wa kitongoji cha chini.

Walirudi nyumbani pamoja kwa barabara mpya, mimi nikiwa nyuma yao kidogo.

"Hata wewe?" Ezron aliuliza.

"Ulitaka nikudanganye mbele za watu?"

"Nilitaka kura."

"Omba tena baada ya miaka mitatu," alisema Tukuswiga. "Miche ile ikiwa bado imesimama, nitakupa."

Lori lilikuwa linapanda. Wakasogea pembeni, lilipopita wakakung'uta vumbi, na Ezron akaanza kumweleza habari za mbegu mpya ya viazi aliyoisikia Isongole.